Dochko Minkov Alisaini Hadi Desemba

Alhamisi ya tarehe kumi na mbili Septemba, saa moja kasorobo asubuhi, Dochko Minkov alikuwa mtu wa tatu kwenye foleni ya kahawa katika karakana namba mbili. Mbele yake alisimama Slavi wa mashine ya jirani, na mbele ya Slavi fundi wa umeme. Dochko alikuwa amevaa suti ya kahawia aliyozikwa nayo jana yake saa nane mchana, na juu ya suti koti lake la kazi la buluu, kwa sababu pale kiwandani hairuhusiwi kuingia karakanani bila koti la kazi.

Slavi aligeuka, akamwona, akamsogezea nafasi.

"Umekuja, kaka?"

"Nimesaini," alijibu Dochko.

"Hata mimi," alisema Slavi, na foleni ikasogea.

Fundi wa umeme alichungulia nyuma na kikombe chake mkononi. "Wengine wako hai na bado wanachelewa," alisema, akimlenga mtu wa ghala ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaingia akikimbia.

Dochko alibonyeza kahawa isiyo na sukari, akakishika kikombe kwa mikono miwili bila kunywa, na ilipopoa akaimwaga kwenye beseni. Kisha akaenda kwenye mashine yake, akafuta doa lililokuwa limebaki kwenye reli ya mlango, akaiwasha.

Hapa sina budi kueleza habari ya kitabu, maana bila kitabu mtu atadhani Dochko alirudi kwa mapenzi ya kazi tu. Sheria inataka kila asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, msimamizi awasomee wafanyakazi hatari za mashine zao, na kila mmoja asaini kwamba amesikia na ameelewa. Kila siku ya Mungu. Sasa sisi watu wa Gabrovo tunajulikana Bulgaria nzima kwa kubana matumizi, na sifa hiyo hatuikatai. Wanasema tunamkata paka mkia ili akipita mlangoni, mlango ufungwe upesi na joto lisitoke. Wanasema tunalala tumesimamisha saa ya ukutani isichakae bure. Watu wa aina hiyo hawatapoteza dakika kumi kila asubuhi kusikiliza maneno yale yale. Basi Genadi Koev, msimamizi wa karakana namba mbili, aliyasoma maneno hayo mara moja kwa mwaka, siku ya kwanza ya kazi ya Januari, na watu wakasaini siku zote za mwaka kwa mkupuo mmoja, kila mtu kwenye kurasa zake. Dochko alikuwa na mwandiko mzuri na mkono mwepesi, akamaliza kabla ya saa nne.

Mashine yake ilikuwa ya kukereza vyuma, ya zile zinazoongozwa na kompyuta. Kipande cha chuma kinabanwa kati ya taya tatu, kinazungushwa mara elfu mbili kwa dakika, na kisu kinakimenya mpaka kinakuwa vali ya bomba la maji. Mbele yake kuna mlango mzito wenye kioo, wa kusukuma kando. Kwenye mlango kuna kipande kidogo cha chuma wanachokiita ulimi. Mlango ukifungwa, ulimi unaingia kwenye tundu la swichi, na mashine inajua kwamba mtu yuko nje. Mlango ukifunguliwa, ulimi unatoka na mashine inasimama. Mtoto mdogo anaelewa.

Lakini chuma kikimenywa hutoa nyuzi ndefu za moto zinazojisokota kwenye kazi, na kila baada ya vali mbili tatu lazima zivutwe kwa kulabu. Ufungue, usubiri isimame, uvute, ufunge, uwashe tena: sekunde arobaini. Na zamu moja ni vali mia na ishirini. Genadi alipiga hesabu, akaagiza ndimi za akiba, akamgawia kila mtu wake wenye kamba ya kuvaa shingoni. Ukiuchomeka ulimi wa akiba kwenye tundu, mlango unaweza kukaa wazi mwaka mzima na mashine ikaamini umefungwa. Jumatatu ya tarehe tisa Septemba, saa tano na robo, uzi mmoja ulinasa mkono wa koti la Dochko wakati anavuta mwingine. Mashine haikusimama. Kwa habari ilizokuwa nazo, mlango ulikuwa umefungwa na Dochko alikuwa nje.

Karakana ilifungwa Jumanne na Jumatano, kwa hiyo hakuna ajuaye kama alikuja siku hizo mbili.

Makaburini Genadi alimshika mjane mkono, akasema, "Ajali haina kinga, shemeji." Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao na nilitaka kumrushia bonge la udongo. Kinga ilikuwepo. Ilikuwa na kioo na reli, na ilikuwa imesukumwa kando kwa amri yake yeye.

Mjane anaitwa Ganka. Ni mpishi wa shule ya chekechea iliyo mkabala na kiwanda. Ijumaa, siku mbili baada ya mazishi, aliitwa na mkaguzi wa kazi, mwanamke mmoja mwembamba anayeitwa Vihra, aje asome faili. Ndani ya faili kulikuwa na ripoti ya awali. Ilisema chanzo cha kifo ni uzembe wa marehemu mwenyewe, ambaye alielekezwa ipasavyo kila siku na akasaini. Ganka aliisoma sentensi hiyo mara tatu. Dochko alikuwa mtu wa kurudi kutoka kituo cha basi kuhakikisha kama pasi imechomolewa. Miaka ishirini na sita kazini, hata kidole hakijawahi kukatika. Ganka hakutaka fidia, hakutaka jiwe la kaburi wala hotuba ya mtu. Alitaka neno lile litoke.

Halafu akafungua nakala ya kitabu. Saini za mumewe zilianza Januari, zikafika tarehe tisa Septemba, na hazikuishia hapo. Zilikuwepo tarehe kumi, zilikuwepo Oktoba nzima, zikashuka nadhifu mpaka Desemba thelathini na moja. Ganka alifurahi. Si vizuri kumsema hivyo mjane wa siku nne, lakini alifurahi hadi akacheka.

"Tazama mwenyewe," alimwambia mkaguzi. "Huyu mtu tumemzika Jumatano. Tarehe ishirini na moja Oktoba atakuwa ameelekezwa na nani, malaika Mikaeli?"

Vihra alitazama, akavua miwani, akaifuta. "Ni kweli, mama. Kitabu kikiwa cha uongo, ripoti yote inaanguka. Jumatatu nakwenda kuhakikisha."

Jumatatu alikwenda. Alimkuta Dochko kwenye mashine yake na vali thelathini na nne zimeshamalizika. Vihra alikifungua kitabu kwenye ukurasa wa siku hiyo, akaitazama saini, akamtazama mtu, akaweka alama ya vema. Akafanya vivyo hivyo kwa Alhamisi na Ijumaa, akithibitishiwa na foleni nzima ya kahawa; Jumanne na Jumatano akaziruka, maana karakana ilikuwa imefungwa. Kitabu kilikuwa kinalingana na mahudhurio.

Hata hivyo alikuwa mtu wa haki, akavuta kiti akae amhoji Dochko. Alimwuliza jina, akaandika. Akamwuliza kitambulisho. Dochko alipapasa mifuko ya suti, hakukuta kitu. Kitambulisho chake Ganka mwenyewe alikirudisha manispaa alipokwenda kuandikisha kifo, maana ndivyo inavyotakiwa, na karani alikikata pembe kwa mkasi mbele yake.

"Bila kitambulisho siwezi kuandika maelezo yako, mzee wangu," alisema Vihra.

"Nilitaka kusema tu kwamba mlango ulikuwa..."

"Nakusikia. Lakini siwezi kuandika."

Akamhoji Slavi, ambaye alikuwa na kitambulisho. Slavi alisema siku ile alikuwa amegeukia upande wa pili na hakuona kitu. Ndimi zote za akiba zilikuwa zimekusanywa asubuhi hiyo kwenye kopo la kahawa, ofisini kwa Genadi, lakini shingoni mwa Slavi palikuwa na mstari mwekundu wa kamba. Slavi ana watoto wawili na mama mgonjwa, na nyuma ya geti kuna watu arobaini wanaoitaka mashine yake. Simtetei, namweleza tu.

Vihra alivuka barabara, akamkuta Ganka anamenya viazi vya watoto. "Mumeo yuko kazini, mama," alimwambia. "Kitabu kiko sawa."

Ganka aliweka kisu chini, akavua aproni, akavuka kwenda kwenye uzio. Ilikuwa saa sita, muda wa chakula. Dochko alitoka na wenzake, akamwona, akaja akasimama upande wa ndani wa waya. Shavu moja lilikuwa na poda ya watu wa mazishi. Mkono wa kulia ulikuwa umeshonwa vizuri.

"Kwa nini huji nyumbani?" Ganka alimwuliza.

"Nyumbani sikusaini, mama Nevena."

Ganka alikumbuka kwamba wakati wa ndoa walisaini wote wawili, manispaa, mbele ya mashahidi. Lakini walisaini mara moja, na tarehe yake ilikuwa imepita siku nyingi.

Tangu siku hiyo alikuja kila saa sita. Alisimama nusu saa, akimpa habari za mtaani, naye akimpa habari za vali. Wenzake walimzoea kuliko alipokuwa hai. Tangazo lake la kifo, ile karatasi yenye picha na ukingo mweusi tunayobandika kwa kila maiti, lilikuwa kwenye geti, na kila asubuhi alipita akalisoma. Alilalamikia picha tu. Ilikuwa ya jeshini, alipokuwa bado na nywele. Genadi naye alimwona anafunga mlango wa mashine kila mara kabla ya kuiwasha, akamwendea.

"Dochko, na wewe sasa mlango wa nini?"

Dochko aliutazama mlango. Akauacha wazi, akarudi kwenye vali mia na ishirini.

Jumamosi na Jumapili hakuwa mahali popote. Ganka alizichukia siku hizo. Alifua, akapiga pasi mashati ambayo hakuna wa kuyavaa, akaweka kabichi kwenye pipa la maji ya chumvi peke yake kwa mara ya kwanza. Siku ya arobaini iliangukia Jumamosi, kwa hiyo aliirudisha nyuma hadi Ijumaa ili marehemu awepo. Alichemsha ngano kwa sukari na jozi, akaipitisha juu ya uzio kwenye vikombe vya plastiki, na karakana nzima ikala ikisema Mungu amrehemu. Dochko aliomba kikombe naye. Alikishika mpaka kengele ikalia, akamrudishia kikiwa vilevile.

Jumapili yake Nevena, binti yao, alipiga simu kutoka Varna. Alikuwa ameletewa nakala ya ripoti ya awali. Aliongea juu ya mvua, juu ya mtoto, kisha akauliza, "Mama, baba alikuwa mzembe?" Aliuliza kwa sauti ya mtu ambaye ameshaanza kuamini. Ganka alikata simu, akakaa jikoni bila kuvua koti hadi sufuria ikaungua.

Hapo ndipo wazo lilipomjia, na lilikuwa wazo jepesi. Kitabu kilikuwa cha kweli kwa sababu Dochko alikuja kila siku aliyosaini. Asipokuja siku moja tu, kitabu ni cha uongo. Alimpigia Vihra.

"Akikosekana hata siku moja aliyosaini," alisema Vihra, "ripoti naifuta kwa mkono wangu. Nitakuja tarehe kumi na nne Novemba, Alhamisi, bila kumpa mtu taarifa. Zaidi ya hapo faili inafungwa."

Ganka aliyabeba maneno hayo hadi kwenye uzio na kumwambia mumewe. Dochko alikwaruza waya kwa ukucha.

"Nisipokuja siku moja, sidhani kama nitarudi," alisema. "Ni kama kukata hesi ya skrubu. Ukinyanyua kisu katikati, hukirudishi tena kwenye mfereji ule ule."

"Kwa hiyo ndiyo itakuwa basi."

"Nadhani ndiyo basi."

Ganka alihesabu kwenye kalenda ya jikoni. Kutoka tarehe kumi na nne hadi mwisho wa Desemba zilibaki siku thelathini na moja za kazi. Nusu saa kila siku, na waya katikati. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, na siku hizo ndizo zilikuwa mali yake yote ya mume. Kwa wiki tatu hakuamua. Alikuja kwenye uzio, akazungumza habari za bei ya kuni, akaondoka. Alimpenda, na sioni haya kulisema, kwa sababu alilisema mwenyewe pale kwenye waya mbele ya watu wa ghala, kitu ambacho wanawake wetu hawakifanyi. Kisha jioni moja akasikia kwenye foleni ya mkate mtu anamwonya mwenzake, "Usije ukafa kizembe kama Minkov," na kesho yake alimwambia Dochko asije siku ya Alhamisi.

"Haya," alisema Dochko. "Kama unataka."

"Sitaki. Lakini usije."

Jumatano ya tarehe kumi na tatu ilikuwa siku yao ya mwisho. Baridi ilikuwa imeanza. Dochko alimkumbusha bomba la moshi lisafishwe kabla ya theluji. Alimwambia ufunguo wa ghala la chini uko nyuma ya chupa za nyanya. Alimwuliza kama anageuza maji ya kabichi kila baada ya siku mbili, maana yasipogeuzwa yanaota utando.

"Nageuza," alisema Ganka.

"Ukipuliza hewa kwa mpira wa maji ni rahisi zaidi."

"Nitapuliza."

Kengele ikalia. Dochko alitia kidole kwenye tundu la waya, Ganka akakishika, kilikuwa cha baridi na kilinuka mafuta ya mashine kama siku zote. Kisha akaingia kazini, kwa sababu zamu ilikuwa haijaisha.

Alhamisi Ganka aliomba ruhusa shuleni, na saa tatu asubuhi akaingia karakana namba mbili pamoja na Vihra. Mashine ya Dochko ilikuwa imezimwa. Hakuwepo kwenye foleni ya kahawa na hakuwepo chooni. Vihra alikifungua kitabu, na saini ilikuwepo, nadhifu, ya tarehe kumi na nne. Ganka alifanya ishara ya msalaba kwa shukrani.

Halafu akaitazama mashine vizuri. Ilikuwa imefagiliwa. Hakuna kazi iliyoachwa kwenye taya. Visu vilikuwa vimepangwa juu ya kitambaa kwa ukubwa wake, na kulabu imetundikwa mahali pake. Mtu anayetoroka hapangi visu.

"Dochko?" alisema Genadi, akitoka ofisini anajifuta mdomo. "Dochko yuko likizo."

Akaleta karatasi. Kumbe kila Januari, wakishamaliza kitabu, watu wa karakana namba mbili husaini pia fomu za likizo zisizoandikwa kitu, tatu kwa kila mtu, zikae kwenye droo zisije zikasumbua baadaye. Saini ya Dochko ilikuwa yake kabisa. Tarehe zilikuwa za mwandiko wa Genadi, na hilo linaruhusiwa.

"Jana wakati wa kutoka alinijia," alisema Genadi. "Akaniambia, bosi, kesho sitakuja, naomba usiniwekee kazi kwenye mashine, mteja asije akacheleweshewa. Alivyo muungwana. Miaka ishirini na sita hajawahi kukosa bila kuaga. Mimi ni nani nimnyime? Nimempa yote iliyobaki, mpaka Desemba thelathini na moja. Apumzike."

Kwenye kitabu, kando ya saini ya siku hiyo, alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: amesaini kwa makosa, yuko likizo. Alikuwa amegonga na muhuri. Vihra alisoma wino mwekundu, akasoma fomu, akaigeuza akatazama nyuma, akairudisha mbele.

"Iko sawa," alisema taratibu. Hakumtazama Ganka.

"Genadi," alisema Ganka. "Wewe ndiye uliyempa ule ulimi. Kwa mkono wako. Alinionyesha siku ile ile, jioni, nikiwa napika."

"Ulimi gani, shemeji? Tazama mwenyewe."

Ganka alitazama. Milango ya mashine zote kumi na moja zilizokuwa kazini ilikuwa imefungwa, na nyuma ya kila kioo chuma kilikuwa kinazunguka salama. Slavi alikuwa ameinamia skrini yake kana kwamba inaongea naye. Hakuna aliyegeuka.

Alitembea mpaka nyumbani kwa miguu. Njiani alimkasirikia mumewe kwa mara ya kwanza tangu amzike, hasira ya kweli, mpaka akawa anaongea peke yake barabarani. Kuaga! Kafa, kazikwa, mkewe kamwambia asije, naye kaenda kwanza kumuaga msimamizi. Alisimama kwenye daraja na kuliita jina lake mara mbili tatu kwa ukali, kama wakati ule alipokuwa anasahau kuvua viatu. Kisha hasira ikaisha, na kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi, kwa sababu alijua angekuwa yeye pia angeaga. Alifika nyumbani, akashuka ghala la chini, akatia mpira kwenye pipa akapuliza. Maji yalichemka kwa mapovu. Alipuliza muda mrefu kuliko inavyotakiwa.

Ijumaa alikwenda kwenye uzio, na Jumatatu pia. Dochko hakuja. Watu wa ghala walimwambia kwa heshima kwamba yuko likizo.

Ripoti ya mwisho ilitoka mapema Desemba, yenye mihuri miwili. Neno lile lilikuwa mahali pake, sentensi ile ile, na chini yake pameongezwa kwamba mahudhurio na maelekezo yamehakikiwa na yanalingana. Ganka alimpigia Nevena mwenyewe, asije akaisikia kwa mtu mwingine.

"Wameandika nini, mama?"

"Wameandika alikuwa mzembe."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi hawakuniuliza," alisema Ganka. Upande wa pili mtoto alisikika analia, kisha Nevena akasema itabidi aende.

Likizo ilikwisha na mwaka. Siku ya kwanza ya kazi ya Januari, Genadi alisoma hatari za mashine karibu na mashine ya kahawa, kitabu kipya kikapita mkono kwa mkono, na ilipofika saa nne watu walikuwa wameshakimaliza. Mashine ya Dochko alipewa mtu anayeitwa Kuncho, wa miaka arobaini na saba, aliyekuwa mtia rangi katika kiwanda cha sufi kilichofungwa. Alifundishwa wiki mbili. Ganka alimwona kupitia dirisha la karakana, alipokuwa anamwaga maganda upande wa pili wa barabara. Mlango ulikuwa wazi, na Kuncho alikuwa anaingiza kulabu.

Alisubiri saa sita. Kuncho alitoka kuvuta sigara, naye Ganka akamwita kwenye waya.

"Wewe ndiye wa mashine ile ya dirishani?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi ni mke wa Dochko Minkov."

Kuncho aliitoa sigara mdomoni. "Pole sana, mama. Wananihadithia. Alikuwa na mkono mzuri wa kazi, wanasema."

"Hicho ulichovaa shingoni kitoe ukitupe. Ufunge mlango. Hata wakikusema, ufunge."

Kuncho aliigusa kamba chini ya koti, akatabasamu kwa upole, jinsi mtu anavyomtabasamia mama wa watu mwenye msiba.

"Usihofu, mama. Mimi kila kitu changu kiko sawa. Nimeshasaini mpaka Desemba."

Ganka alimtazama. Alikuwa na uso mpana, na chini ya kucha zake bado kulikuwa na rangi ya samawati ya kiwanda cha sufi.

"Umeoa?" alimwuliza.

"Nimeoa."

"Basi mwambie mkeo awe anasimama hapa," alisema Ganka, akimwonyesha kwa kidole. "Pale kwenye kona kuna upepo."